Nyota za Bi Mwanaheri

Bulwa,
21 Januari 2024

Kwako mdogo wangu mpenzi Klara,

Onga mshi, mdogo wangu! Natumaini u mzima, na kwamba matroni wenu bado anagawa barua baada ya chakula cha mchana. Isome hii ukiwa umeshiba, maana ni ya furaha tupu na ukiisoma na njaa utanionea wivu.

Klara, ndoa ni tamu. Mama alinikataza kukuandikia mambo ya ndoa mpaka umalize kidato cha nne, basi nitakuandikia ya filamu kama tulivyozoea. Ila mume wangu yumo ndani yake kila mahali, nifanyeje?

Nyumba tuliyopewa na shamba ina vyumba viwili na kibaraza. Ukifungua dirisha ni chai, chai, chai mpaka msitu unapoanza, na asubuhi ukungu unaingia hadi jikoni. Valentino anaendesha lori la majani mabichi. Anapita kwenye vituo vya kupimia, anapeleka majani kiwandani, na jioni anawarudisha wachumaji majumbani wakiwa wamesimama nyuma wanaimba. Nikisikia wimbo unapanda mlima najua mume wangu anakuja, na moyo unanidunda kama sijawahi kumwona.

Madereva wenzake walitupa zawadi ya TV ya sola. Filamu tunaletewa kwenye flashi kutoka Muheza, na nyingi ni za Kikorea ambazo hazijatafsiriwa, maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Vale aliishia darasa la saba, kwa hiyo mimi ndiye mtafsiri wake. Klara, ungeona! Anafumba macho kabisa, ananilazia kichwa begani, anasema, “Mode, nisimulie.” Nasimulia kila kitu, hata rangi za nguo. Anasema sauti yangu ina picha nzuri kuliko TV. Kuna msichana hapa duniani aliyewahi kuambiwa hivyo?

Juzi tulitazama ya msichana wa duka la mikate na mwanajeshi. Mwanajeshi anarudi kutoka vitani, anamkuta dukani, wanafunga ndoa theluji inaanguka. Vale alitoa machozi. Nyota tano zangu, tano zake.

Tena tuna mtazamaji wa tatu, Bi Mwanaheri, jirani yetu, mjane mchuma chai. Kila siku huwatangulia wenzake barabarani kuweka kikapu chake cha kwanza kwenye foleni ya kupimia, ili awahi kurudi filamu isianze bila yeye. Huja na kigoda chake na lile plastiki la njano la kuzuia umande bado amelifunga kiunoni. Na ni mchoyo wa nyota! Hatoi hata moja mpaka majina yaanze kupanda. “Watu wa kazi waandikwe kwanza,” anasema, “ndiyo tujue imekwisha.” Ile ya mikate aliipa mbili. Moja ya mikate, moja ya koti la yule kijana.

Niandikie upesi. Shemeji yako anakusalimu sana.

Dada yako mwenye raha,
Modesta


Lushoto,
4 Februari 2024

Kwa dada yangu Modesta, Bi Valentino,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimeanza kufanana na maharage ya hapa.

Barua yako niliisoma nimeshiba na wivu nikaona vilevile. Mwambie shemeji shikamoo. Bi Mwanaheri mpe shikamoo mbili, nimempenda, mtu asiyegawa nyota ovyo ndiye wa kumwamini.

Sasa nina shauri. Jumamosi walituwekea filamu bwaloni, na ilikuwa ileile ya duka la mikate. Dada, mwanajeshi hakurudi. Ilirudi kofia yake kwenye sanduku. Msichana akafunga duka, akaugua kifua, akafa peke yake theluji inaanguka. Bwalo zima lililia. Janeth wa bweni letu alizimia, au alijifanya, maana alizimia upande alikoweka mto wake wa kukalia. Niliipa nyota nne. Moja niliiondoa kwa sababu dakika za mwisho matroni alisimama mbele ya skrini kutafuta aliyekuwa anapiga kelele.

Harusi umeitoa wapi? Flashi yenu ina filamu nyingine, au ndoa ndiyo hivi inavyofanya macho?

Na jambo dogo. Mbona shemeji anafumba macho? Mimi hata mtu akinisimulia natazama.

Wako,
Klara


Bulwa,
20 Februari 2024

Klara mpelelezi wangu,

Nimecheka mpaka Vale akaniuliza nina nini. Umenikamata! Ndiyo, kofia ilirudi kwenye sanduku. Nilikuwa namsimulia, nikaona sanduku linafunguliwa, nikamtazama mume wangu usoni jinsi alivyokuwa anatabasamu akimsubiri yule kijana, nikashindwa. Mdomo ukasema, “Huyo anaingia! Ana maua!” Nikaendelea mpaka harusi. Wimbo wa mwisho ulikuwa wa huzuni nikamwambia ndivyo Wakorea wanavyoimba harusini.

Hakujua! Lakini Bi Mwanaheri alijua, yeye macho yake mazima. Alisonya, akasema, “We bibi harusi, mbona maiti unaiozesha?” Vale akauliza, “Anasemaje?” Nikamwambia anasifia gauni.

Tangu hapo nimezoea. Filamu zote zinaisha vizuri nyumbani kwangu. Mtoto aliyezama anaibuka, mama mgonjwa anaamka. Kuna dhambi gani? Huko nje kuna huzuni za kutosha, kwangu asiikute.

Wiki hii tulitazama moja ya kupigana iliyotafsiriwa na DJ kwa Kiswahili, kwa hiyo nilinyamaza nipumzike. Vale akaipa sifuri. “Giza tupu,” anasema, “wametengeneza filamu gani ya giza hivi?” Mimi niliona ni mchana, wanapigana sokoni, lakini sikubishana na mume wangu. Bi Mwanaheri akamwangalia sana. Wakati wa kutoka akaniambia mlangoni, “Mumeo anaisikiliza TV kama redio.” Ana maneno huyo mama!

Vikombe vyangu vya harusi vimebaki vinne. Vale anavigonga kila nikiviweka upande wa kushoto. Nikamtania kwamba mapenzi yamempofusha. Siku hiyo hakucheka, alikuwa amechoka. Amebadilishana zamu na Paskali, dereva mwenzake, ili safari za gizagiza azifanye Paskali na yeye awe nyumbani nami mapema. Unaona mwanaume anavyopenda?

Nyota za wiki: ya daktari wa kisiwani nne, ya mapacha tatu na nusu, mume wangu tano.

Wako,
Mode


Lushoto,
5 Machi 2024

Dada Modesta,

Shikamoo.

Barua hii si ya filamu. Naomba uisome peke yako.

Mwalimu Happiness anatufundisha macho sasa, kwenye biolojia. Jana alituambia kuhusu presha ya macho. Haiumi, na mtu anaweza kukaa nayo miaka. Inaanza kula pembeni, mgonjwa anaona mbele tu kama anayechungulia bombani, kisha bomba linazidi kuwa jembamba, na kwenye mwanga hafifu haoni kitu. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Mwalimu akatuambia tukunje daftari kama bomba tutazame nje. Niliona bendera. Janeth aliyekaa kando yangu kushoto sikumwona mpaka aliponifinya.

Dada, nikazitoa barua zako sandukuni nikazisoma upya. Vikombe vya kushoto. Giza kwenye filamu ya mchana. Macho anafumba, na jioni haendeshi. Na siku ya harusi yenu baba mkwe wako alishikwa mkono mpaka kwenye kiti, tukaambiwa ni uzee. Yule mzee hana hata mvi nyingi.

Huenda nimekosea, mimi ni mtoto wa kidato cha tatu. Lakini anaendesha lori. Nyuma wamesimama watu wanaimba. Mpeleke kwa daktari wa macho, na kabla ya hapo asiguse usukani. Kilicholiwa hakirudi, alisema mwalimu, lakini dawa inaokoa kilichobaki.

Usinikasirikie.

Klara


Bulwa,
24 Machi 2024

Mdogo wangu Klara,

Nilikukasirikia, nisiseme uongo. Barua yako niliitupa jikoni, kisha nikaitoa kabla moto haujaishika. Usiku nikamshika mume wangu mikono nikamuuliza. Klara, alilia kama mtoto. Alikuwa anajua tangu kabla ya kunichumbia. Baba yake ilimwanza hivyohivyo. Alisema, “Niliogopa ungeniacha.” Nimwache! Mimi? Nilimwambia ningeyatoa yangu nimpe moja.

Hospitali tutakwenda, tumekubaliana, ila siyo sasa. Wakijua shambani wanamwondoa kazini siku hiyohiyo, na nyumba ni ya kazi. Tutakwenda wapi? Kwa baba yake, vipofu wawili kwenye chumba kimoja?

Lakini sikiliza, tumepata njia, na ni njia nzuri mpaka nashangaa kwa nini Mungu alinipa kipaji hiki cha kusimulia. Palikuwa na nafasi ya mpokea majani, anayesafiri na lori na kuandika uzito vituoni. Nimeomba, nimepata! Sasa tunakwenda kazini pamoja, nimekaa kushoto kwake, upande uleule ambao macho yake hayafiki. Na namsimulia barabara. “Kona ya kulia, mume wangu. Daraja. Sasa inapanda.” Ninatafsiri barabara kama DJ anavyotafsiri filamu, na yeye anaendesha akitabasamu. Barabara hizi anazijua tangu ujana wake, mimi naongeza tu kile kinachobadilika.

Mwanzoni nilimtajia kila kitu. Kuku, mama na ndoo, watoto wa shule. Ikamletea hofu, anakanyaga breki ghafla, mikono inalowa jasho, na wachumaji wanagonga paa wakiuliza kama tumelewa. Bi Mwanaheri alipiga kelele kutoka nyuma, “Sisi ni binadamu siyo viazi!” Basi nimejifunza. Watu wa pembeni husogea wenyewe wakisikia lori, wamezoea. Mimi namwambia tu, “Njia nyeupe, mume wangu, njia nyeupe,” na mabega yake yanashuka, na tunakwenda kama maji.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiota, kule nyumbani Irente, mapenzi ya kwenye filamu? Haya sasa. Mtu na mkewe, kioo kikubwa mbele yao, milima, ukungu, na mmoja anamsimulia mwenzake dunia. Nyota tano, na ningekuwa na ya sita ningeitoa.

Bi Mwanaheri amefunga Ramadhani, anakuja akishafuturu na tende mfukoni. Hajaongeza ukarimu.

Usimwambie mtu. Naomba kwa jina la mama.

Dada yako,
Modesta


Lushoto,
3 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Nakuandikia fupi.

Filamu ukiikosea, mtu anapata harusi badala ya kofia. Barabara haisubiri uchague mwisho. Muda wa wewe kuona, kusema, yeye kusikia na mguu kufika kwenye breki, lori limeshapita. Na unasema mengine huyataji!

Acheni. Akaseme mwenyewe shambani, huenda wakampa kazi nyingine kiwandani. Nyumba itapatikana. Baba ana chumba cha mbuzi, tutakipiga chokaa, sitanii.

Usipoacha nitamwambia baba likizo.

Klara


Bulwa,
5 Mei 2024

Mpendwa Klara,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Samahani nimekaa kimya, mvua za mwaka huu zimekata barabara mara kwa mara na barua hazitoki.

Mume wangu ni mzima na tunapendana sana. Jumapili tulitazama ya vichekesho ya Kinaijeria, ya mama mkwe anayefunga friji kwa kufuli. Vale alicheka. Nimeipa nne. Hapana, tatu. Kwa kweli sikuitazama vizuri.

Siku hizi tunatazama za vichekesho tu.

Nilisahau kukuambia juu huko kwamba Bi Mwanaheri alifariki. Ilikuwa wiki mbili baada ya Idd. Aliteleza kwenye ukingo, pale kona ya mkuyu, siku ya ukungu mzito. Alikuwa amewatangulia wenzake kuweka kikapu kama kawaida yake. Wenzake waliposhuka walimkuta mtaroni. Wote wanasema aliteleza, ukingo ule una utelezi sana, hata mimi nimewahi kuteleza pale. Binti yake Sharifa alikuja kutoka Muheza na amebaki kwenye nyumba ya mama yake mpaka arobaini ipite. Vale ndiye aliyebeba watu kwenda kuzika. Alilia sana njia nzima, na mimi nikawa namwambia njia.

Lori linaendelea vizuri. Siku hiyohiyo tuligonga kisiki, taa ya kushoto ikapasuka, lakini fundi wa shamba ameshaibadilisha. Kilikuwa kisiki. Nilishuka nikaangalia mwenyewe.

Kigoda chake bado kiko kwetu. Nimekiweka chumbani nyuma ya mlango. Vale ameniuliza kwa nini Bi Mwanaheri tusimkumbuke kwa kutazama ile ya duka la mikate, nikamwambia flashi imeharibika.

Usimwambie baba kitu likizo, kila kitu kiko sawa. Soma kwa bidii. Pika uji ukipata nafasi, maharage yanaumiza tumbo.

Dada yako,
Modesta


Lushoto,
16 Mei 2024

Dada Modesta,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Sijawahi kukuona ukitoa nyota nne ukazirudisha. Na sijawahi kukusikia ukieleza utelezi wa mahali.

Taa ya kushoto, dada. Upande wako.

Ningeweza kumpa matroni barua yako akampigia simu baba. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikarudi. Niliona kwamba wa kwanza kuambiwa ni yule aliyeshika usukani, maana yeye analia mazishini na hajui analilia nini. Na kumwandikia siwezi bila kupita mdomoni kwako, kwa sababu barua zake zote unamsomea wewe, na wewe kila kitu unakipa harusi.

Kwa hiyo nimemwandikia filamu. Iko kwenye karatasi ya pili. Msomee kama ilivyoandikwa, neno kwa neno. Ni filamu ya kwanza ninayokuomba usiibadilishe.

Tunafunga mwanzoni mwa Juni. Sitakwenda nyumbani kwanza. Nitashukia Muheza, nitapanda Bulwa, na nitakwenda kwa Sharifa kabla sijaja kwako. Ningependa nikute ameshaambiwa na watu wenye haki ya kumwambia.

Nakupenda hata sasa. Nimelia nikiandika hivyo kwa hiyo usidhani nimeandika tu.

Klara

(Karatasi ya pili)

Shemeji Valentino,

Shikamoo. Dada amekusimulia filamu nyingi, leo nakutumia yangu. Haijatafsiriwa na DJ yeyote.

Kuna mume na mke wanaoishi mlimani. Mume ni dereva mzuri, mtu wa watu, ila macho yanamfifia kidogokidogo na anaogopa kusema. Mke anampenda kuliko kitu chochote. Anakaa kando yake kwenye lori na kumwambia barabara. Mke huyu ana tabia moja, hapendi mume wake ahuzunike. Kwa hiyo akimsimulia filamu huko nyumbani, waliokufa anawafufua. Barabarani pia, pakiwa na kitu cha kumtia mume hofu anasema njia ni nyeupe.

Jirani yao ni mama mmoja anayependa filamu. Kila siku anawahi kuweka kikapu chake cha kwanza barabarani, ili arudi mapema akatazame kwao. Siku moja ukungu ni mzito. Wenzake bado wako juu kwenye chai. Mama amesimama na kikapu chake upande wa kushoto wa kona.

Lori linakuja. Mke anatazama mbele. Anasema, “Njia nyeupe, mume wangu.”

Kinasikika kishindo. Lori linasimama. Mume anauliza, “Tumegonga nini?” Mke anashuka, anakwenda mtaroni, anaangalia. Anarudi anapanda. Anasema, “Kisiki.”

Shemeji, sikuwepo, sijui mke aliona nini. Ninayoijua inaishia hapa. Muulize aliyekuwepo, kisha mnipe nyota zenu.

Shemeji yako,
Klara


Bulwa,
31 Mei 2024

Klara,

Naandika nikiwa kibarazani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tunasubiri gari la kwenda Muheza, kituo cha polisi. Vale amekaa kando yangu, amenishika sketi kama mtoto sokoni.

Barua yako ilifika juzi. Niliificha, nikaitoa, nikaificha. Jana alasiri Vale alisema, “Mode, umeshika karatasi, nasikia inavyolia. Ya nani?” Nikasema ya Klara, kaleta filamu. Akafurahi! Akavuta kiti, akafumba macho, akasema, “Nisimulie.”

Nilikuwa nimeshaupanga mwisho. Mke angeshuka akute kweli ni kisiki, amekaa juu yake mtoto wa mbuzi, wacheke wote. Nilianza kusoma. Kufika kwenye macho yanayomfifia akafumbua yake. Nilipofika kwenye kikapu akanishika goti. Nikaendelea kusoma, sijui kwa nini, sauti ilikuwa inatoka yenyewe. Nilisoma “kisiki”. Nilisoma “sijui mke aliona nini”, nikasoma mpaka “nyota zenu”. Nikaikunja karatasi.

Akasema, “Malizia.”

Nikasema, “Karatasi imeishia hapo.” Na ilikuwa kweli, Klara. Nadhani ni mwisho wa kwanza kumwambia kama ulivyo tangu anioe.

Jogoo wa jirani akapita barazani mpaka mlangoni akarudi. Kisha akaniuliza, “Siku ile kwenye kona ya mkuyu. Uliona nini?”

Nikasema, “Njano.”

Niliona njano kwenye ukungu, mdogo wangu, mapema kabisa. Nilijua ni plastiki la nani. Nilisema moyoni atasogea, huwa anasogea, na mume wangu alikuwa anapiga mluzi siku ile, muda mrefu nilikuwa sijamsikia akipiga mluzi. Nikasema njia nyeupe.

Akauliza, “Uliposhuka alikuwa amekufa?”

Hilo sijawahi kulitamka hata peke yangu jikoni. Nikamwambia midomo yake ilikuwa inatikisika. Nikamwambia alinitazama, akanijua. Nilikuwa na uwezo wa kuita. Wenzake walikuwa juu tu, nilikuwa nasikia wakiongea. Lakini niliona nikiita, mume wangu atajua, na kila kitu tulicho nacho kitaisha palepale barabarani. Nikapanda lori. Nikasema kisiki.

Vale alitoka nje akakaa uani. Sikumfuata, maana sikujua kama bado ninaruhusiwa kumshika. Aliporudi alipapasa ukuta, hakunyosha mkono nilipo. Alilala kwenye kiti. Kulipokucha alivaa shati la harusi, akachukua funguo za lori, akasema, “Nipeleke kwa msimamizi wa shamba kwanza, halafu kwa Sharifa. Halafu huko kwingine.”

Msimamizi alizipokea funguo. Alizishika tu anazitazama.

Kutoka pale mpaka kwa Bi Mwanaheri ni kijinjia cha katikati ya chai. Tumekipita mara nyingi tukicheka. Vale alisimama mwanzo wake akanipa mkono. Sikuutegemea mkono ule, Klara. Ulikuwa wa baridi. Akasema, “Niambie njia. Yote. Usiniachie kitu.”

Nikamwambia yote. Nikamwambia kuna jiwe, kuna matope. Kuna wanawake watatu wamekuja na vikapu, wamesimama kutupisha, mmoja anatutazama vibaya. Akasema, “Endelea.” Nikamwambia hapa ndipo alipokuwa anaanika plastiki lake, kamba bado ipo. Nikamwambia mti wa mpera, ua, nyumba. Mlango uko wazi. Alikuwa ananibana vidole mpaka vinauma na mimi nilitaka abane zaidi.

Umetuomba nyota. Hatujaongea habari hizo na sidhani kama tutaongea. Bi Mwanaheri alikuwa hatoi mpaka majina yaandikwe, na ya kwetu yataandikwa leo Muheza. Ukifika kachukue kigoda chake nyuma ya mlango wa chumba, umpelekee Sharifa. Mimi nilishindwa kukibeba.

Gari limefika, nasikia honi chini. Vale ananiuliza ni rangi gani, nimemwambia.

Nimalizie tulipofika mlangoni. Vale alivua kofia. Alisimama na uso wake umeelekea ukutani, pembeni kabisa ya mlango, na sikumgeuza haraka kama ninavyofanya siku zote ili watu wasijue. Akaninong'oneza, “Nani yumo?”

Nikamwambia, “Sharifa. Yuko peke yake. Amekaa mkekani na ungo, anachambua mchele wa arobaini. Ameinua uso. Anatutazama.”

Dada yako,
Modesta